Mgeni Rasmi kwenye Kikao cha Kuacha Pombe

Isome polepole. Ukimaliza, mtumie mtu mmoja tu, yule aliyekujia akilini ulipokuwa unaisoma.

Palikuwa na mwalimu mkuu wa shule ya msingi, jina lake Nsajigwa. Mji mzima ulimheshimu. Mji mzima pia ulijua kwamba anakunywa, ila hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jioni moja, akiwa amelewa, alimpakia binti yake Atupele kwenye pikipiki. Wakaanguka mtaroni. Mwalimu hakupata hata mchubuko. Atupele alivunjika mkono.

Hospitalini, muuguzi alimwuliza mtoto, "Umefanyaje, mwanangu?"

"Nimeanguka kwenye mparachichi," Atupele akajibu haraka, kabla baba yake hajafungua mdomo.

Mwalimu alipigwa na butwaa. Mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusema kweli alikuwa anadanganya kwa ajili yake, tena bila kusita, kama mtu aliyezoea.

Muuguzi alikuwa amekwisha kusikia harufu. Akamvuta Mwalimu pembeni.

"Mwalimu, samahani. Kuna watu wanakutana kila Jumamosi asubuhi, wanasaidiana kuacha pombe. Nenda."

"Hapa hapa mjini? Hapa ninajulikana, dada."

"Na kule baa hujulikani?"

Mwalimu akainamisha kichwa. Muuguzi akamwonea huruma. "Basi kuna kikundi kipya kinaanza Jumamosi hii, wilaya ya jirani, kwenye ukumbi wa wakulima wa chai. Nenda huko, lakini nenda."

Jumamosi ilipofika, Mwalimu alivaa suti na tai, maana hakujua namna nyingine ya kwenda mbele za watu. Mlangoni alipokelewa na katibu wa kikundi, Mama Lusako. Alipoiona ile suti, akapiga vigelegele.

"Jamani, mgeni rasmi amefika!"

Kumbe walikuwa wamemwalika afisa ustawi wa jamii aje kufungua kikundi, na hakuna aliyemjua kwa sura. Mwalimu alishikwa mkono, akapelekwa moja kwa moja meza kuu: kitambaa cheupe, maua ya plastiki, na chupa ya maji.

"Karibu sana, mheshimiwa. Wakubwa wengi wanatukwepa sisi walevi."

Mwalimu alitaka kusema, "Hapana, mama, na mimi ni mlevi." Badala yake akasimama, akahutubia.

Aliwaambia kwamba pombe inavunja nyumba. Aliwaambia kwamba mzazi mlevi ni hatari kwa mtoto wake.

"Sema, baba! Tupige hapo hapo!" mtu mmoja akadakia, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilimchoma yeye. Aliponyanyua chupa ya maji mikono ilitetemeka, maji yakamwagika. Mama Lusako akapangusa meza, akisema, "Pole, mheshimiwa. Ni uchovu wa safari."

Baada ya hotuba, wanakikundi wakaanza kusimama mmoja mmoja, kila mtu akitaja jina lake na kilichomleta. Mwisho akasimama mwanamume mmoja wa benchi la nyuma, mwenye ndala miguuni, aliyekuwa ameingia kimya kimya.

"Naitwa Gwakisa. Mimi ndiye afisa ustawi wa jamii mliyemwalika."

Ukumbi mzima ulishika mdomo. Mama Lusako alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Sasa baba, mbona hukusema? Na huyu wa mbele ni nani?"

"Huyo simjui, mama. Nilipofika nikakuta kiti changu kina mtu, nikamshukuru Mungu. Nilikuwa na hotuba mfukoni na pombe tumboni. Nimefungua vikundi vingi kama hiki, na kila nilipotoka meza kuu nilipitia baa. Leo nimekaa na nyinyi kwenye benchi, nikawasikiliza. Naombeni nibaki."

Hakuna aliyepiga makofi. Macho yote yakamgeukia Mwalimu.

Mlango ulikuwa karibu, na hakuna aliyejua jina lake. Angeweza kuondoka. Alisimama, akaizunguka meza, akaenda kukaa kando ya Gwakisa.

"Naitwa Nsajigwa," akasema. "Mimi si mgeni rasmi. Nimemvunja mwanangu mkono kwa ulevi. Nisaidieni."

Mama Lusako akasema, "Jamani, iondoeni hii meza. Leteni mabenchi, tukae duara, tuanze upya."

Jumamosi iliyofuata Mwalimu hakusafiri. Alikwenda kwenye kikundi cha mji wake mwenyewe, ambako wazazi wa wanafunzi wake wangemwona akiingia. Atupele alimsindikiza hadi uani, mkono wake ukiwa bado umefungwa.

"Baba, watu wakiniuliza umekwenda wapi, niseme nini?"

"Sema nimekwenda kwenye kikao cha walevi."

Mtoto alimkodolea macho. "Niseme hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mama. Kuanzia leo usiseme uongo kwa ajili yangu."

Funzo: Heshima inayomzuia mtu kusema "nisaidieni" si heshima, ni mzigo, na wanaoubeba ni watoto wake. Ukienda kutafuta msaada, kaa pamoja na wanaousubiri.