Mto Uliosimama Wima

Hapo zamani, mito ilipokuwa bado inawasikia wanadamu, wasichana wanne walifundwa uchawi na Bibi Mwanaharusi katika bonde la Makwezi. Walikula sahani moja, wakalala mkeka mmoja. Siku watu walipokuja na mienge kuwafukuza wachawi, watatu walikimbia. Wa nne, Riziki, alikuwa na homa. Wakamwacha mkekani.

Tangu hapo wale watatu hawakuweza kutazamana usoni. Kila mmoja akashika njia yake.

Wakiwa watu wazima, habari ikawafikia: Riziki ameusimamisha mto, anataka kuliangushia bonde. Wakarudi.

Mwanakombo alifika wa mwisho. Uchawi alikwisha kuuacha zamani, akawa mfinyanzi wa vyungu. Aliinua macho. Mto mzima ulikuwa umesimama wima kama ukuta, umeipita minazi, samaki wakiogelea juu ya mapaa. Jua lilipenya majini, bonde lote likawa kijani. Na nyuma ya maji alisimama Riziki.

"Tumwambie nini?" Subira, aliyetangulia kufika na Kijoli, aliuliza.

"La kumwambia lilikuwa siku ile," Kijoli akajibu.

Mara ukuta ukapasuka ufa. Kijoli akaimba, ufa ukaganda. Aliimba mpaka watu wote wakapanda kilimani na wazee wao mgongoni. Alipomaliza, sauti ilikuwa imemtoka, wala haikurudi tena.

Subira akaingia majini na kisu ili amuue Riziki. Alipomfikia, akamwona amekonda, analia. Akakitupa kisu, akamnyooshea mkono. Riziki hakuupokea. Maji yakaupoza mkono ule, ukapooza moja kwa moja.

Mwanakombo hakuwa na wimbo wala kisu. Alitandika kanga chini ya ukuta, akaketi.

"Riziki, ndugu yangu! Siku ile nilikimbia. Leo sikimbii. Ukiuangusha, niangushie mimi."

Riziki alimtazama alivyoketi. Kisha akaulaza mto taratibu, kama mama alazavyo mtoto. Hata kuku hakulowa. Lakini nuru ya macho yake ikaondoka na maji.

Hapo Bibi Mwanaharusi, mkongwe asiyeweza tena kusimama, akaletwa amebebwa, mkoba wake wa uganga kifuani.

"Mkoba hurithiwa na mmoja," alisema. "Aliyeliokoa bonde auchukue."

Kijoli, bila sauti, akaonyesha watu waliojaa kilimani, wazima wote.

Subira akasema, "Ningeweza kuua, sikuua. Tazameni mkono wangu."

"Mimi niliketi tu," akasema Mwanakombo. "Lakini niliketi."

Riziki akageuza uso gizani mwake. "Aliyeulaza mto ni nani, kama si mimi?"

"Na aliyeuinua?" mzee mmoja akauliza.

"Na walioniacha nikiungua kwa homa?"

Mwanakombo aliwatazama wenzake mmoja mmoja, asijue amnyooshee nani kidole.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza: kati ya hao wanne, nani alistahili kuvishwa mkoba?