Misonobari Iliyosimama Juu ya Ziwa

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mapema, msije mkapoteza muda kumtafuta katikati ya hadithi.

Mmeniuliza juu ya maneno aliyoambiwa Malegesi asubuhi, alipong'oa kijiti cha wapima ardhi ili afungie mbuzi wake. Nyanjige alimwambia, "Mti usio na mizizi una mwenyewe," ninyi mkacheka, na Malegesi naye akacheka bila kujua anayechekwa ni yeye. Hapa Ukerewe wengi wanaisema methali hiyo wakidhani wameachiwa na mababu. Basi babu mwenyewe ndiye huyu mnayemtazama, na methali haikuzaliwa hapa. Ilizaliwa Urusi, juu ya ziwa lililoganda, na mambo yalianza hivi.

Nilikuwa kijana, nimepelekwa Karelia kusomea misitu. Mkiwa na ramani ya Urusi, itafuteni Karelia kule juu, upande wa kushoto, inapopakana na Finlandi. Nchi ile ni misitu na maziwa, halafu maziwa na misitu. Utadhani mtu alipita na ndoo kichwani akawa anajikwaa kila hatua. Mji wetu, Petrozavodski, ulianza kama kiwanda cha chuma. Mfalme Petro alitaka mizinga ya kupigana na Waswidi, akakijenga kando ya Ziwa Onega, na mji ukaota kuzunguka moshi wake. Hayo nilifundishwa nikayashika. Ya ziwa sikutaka kufundishwa.

"Mimi ni mtoto wa kisiwani," nilikuwa nawaambia wenzangu bwenini. "Onega hii ukiitia ndani ya Nyanza yetu, itapotea. Ziwa halina jipya la kuniambia."

Wao wakinyamaza tu. Mtu ukimtambia hivyo akakunyamazia, wanangu, jikague haraka.

Aliyekuwa hanyamazi ni dada mmoja wa Pangani, Zuwena, aliyekuwa akisomea udaktari. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko baridi ya kule, na baridi ya kule inakukata pua ukiwa umesimama dukani. Mimi aliniita Bwana Miti. "Bwana Miti," ataniambia, "leo umeongea na mti gani? Maana watu wamekuchoka."

Mwaka Mpya wa pili tangu tufike, tulialikwa mimi na Zuwena kijijini kwa Bibi Anfisa, mjane aliyezoea kukaribisha wanafunzi wa mbali. Basi lilituzungusha ziwa siku nzima mpaka rasi ya upande wa pili. Kijiji kilikuwa cha nyumba za magogo, kubwa kama maghala, binadamu na ng'ombe chini ya paa moja. Mbele yake ulikuwepo mkono wa ziwa, mwembamba, umeganda mweupe pe, na ng'ambo yake kisiwa chenye kanisa dogo la mbao.

Dada mdogo wa Bibi Anfisa aliishi kule kisiwani peke yake. Siku ya sikukuu, baada ya chakula cha mchana, mwana wa Bibi Anfisa aitwaye Yegori alifunga farasi kwenye sleji, lile gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji, aende kumchukua mama yake mdogo aje kula Mwaka Mpya na wenziwe. Zuwena akasema na yeye atakwenda kuliona kanisa. Wakaondoka. Mimi nilikuwa nimeshiba, nikalala.

Nilipoamka niliangalia sebule nikaona upungufu. Kule nyumba isiyo na msonobari wa Mwaka Mpya ni kama arusi isiyo na ngoma, na Bibi Anfisa hakuwa nao. Yegori alikuwa amesahau. Nikasema moyoni, leo mgeni ataleta baraka. Msituni nisingeweza kukata, maana kukata mti mbichi bila kibali ni kosa, nami kosa hilo ndilo nililokuwa nasomea kulizuia. Nikachukua shoka nikashuka ufukweni kutafuta hata matawi.

Huko ndiko nilikoiona. Misonobari midogo, imesimama juu ya ziwa.

Nikaifuata. Mtu wa misitu hadanganywi: nilijua haikuota pale. Ilikuwa imekatwa shina, ikachomekwa kwenye vitobo vya barafu, maji yakaganda yakaishika. Nikajiambia, haya ni mabaki. Watu wamekata mingi, kila mmoja kachagua mzuri wake, mingine wameitupa huku. Mabaki hayo yalikuwa yamesimama wima, yamepangwa mmoja baada ya mwingine hadi macho yanapokoma, wala hilo halikunishtua. Elimu ikikujaa sana huziba madirisha.

Nilitembea nikichagua. Mahali fulani mstari ulikata kona, na kwenye kona ndipo ilipokuwa mizuri zaidi, mirefu, imejaa majani. Nikaikata minne. Mmoja wa sebuleni, miwili ya kusimika langoni kama tunavyosimika migomba kwetu kukiwa na arusi, na mmoja wa akiba. Nikaiburuta nyumbani ninaimba.

Langoni nilikuwa nashindilia theluji kwenye shina la pili wakati upepo ulipogeuka. Kwanza kisiwa kilifutika. Halafu ziwa likafutika. Theluji haikuwa inaanguka, ilikuwa inapita, ubavuni, kama mchanga uliotupwa kwa koleo.

Bibi Anfisa akatoka na shali yake, akitazama upande wa ziwa. Akaona lango.

"Mwanangu," akasema, "hii umeitoa wapi?"

"Ziwani, mama. Nimekuletea sikukuu."

"Ziwani wapi?"

"Pale panapokata kona."

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alishika mkono wangu kwa vidole vilivyokuwa vigumu kama kamba. "Ile ndiyo njia," akasema. "Ziwa likiganda wazee hupima barafu, wakasimika miti penye unene. Upepo ukifuta nyayo, mtu huenda toka mti hadi mti. Pale kwenye kona mkondo unapita chini. Barafu yake haifiki kiganja. Yegori asipoona mti atakwenda moja kwa moja."

Moja kwa moja. Ndani ya sleji alikuwamo Yegori, na mama mdogo wake, na Zuwena wetu wa Pangani aliyekuja kuangalia kanisa.

Bibi Anfisa alikimbilia kwenye kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo, akakigonga kwa nyundo. Zamani vijiji vile vilipiga kengele ya kanisa tufani likiwakuta watu ziwani. Kengele ilipokwisha kushushwa, wakabaki na chuma hicho. Milango ikafunguka kila upande. Watu walitoka na unga mikononi, mmoja alitoka na povu nusu ya uso, hajamaliza kunyoa. Hakuna aliyeuliza maswali mengi. Bibi Anfisa alisema, "Kona haina miti, na Yegori yuko njiani," basi wakaanza kukimbia.

Nami nilikimbia, nimebeba misonobari miwili begani, mwanamume mmoja nyuma yangu na miwili mingine. Tulipofika kwenye mti wa mwisho uliobaki, mzee mmoja akapiga kelele kuwa kutoboa vitobo na kungoja maji yagande hakuna wakati. "Simameni wenyewe," akasema. "Kila mtu amwone mwenzake. Asiyemwona mwenzake arudi nyuma hatua moja."

Hivyo ndivyo watu walivyogeuka miti. Bibi Anfisa alisimama, halafu yule wa povu, halafu mzee, na mimi nikapelekwa kwenye kona yenyewe, maana nilikuwa kijana na ndiye niliyejua mashina niliyoyakata yako wapi. Niliyapata kwa kupapasa kwa mguu. Nikasimama juu ya kosa langu, nimeukumbatia msonobari kifuani. Kulia kwangu, hatua chache tu, ilikuwapo theluji laini, nzuri, tambarare kuliko kote. Nilijua sasa kilichokuwa chini yake.

Baridi iliingia mpaka kwenye meno. Machozi yakaganda kwenye kope. Mbali, nyuma, reli inagongwa, ngang, ngang, na upepo unaipeleka sauti upande wowote unaotaka, kwa hiyo haikusaidia kitu kwa mtu anayetafuta njia. Nikaanza kupiga mayowe. Kirusi chote kilinikimbia. Nikapiga mayowe ya Kikerewe, ya kuita mtumbwi, halafu Kiswahili.

Kisha nikasikia farasi anakoroma. Si mbele yangu. Kulia.

Kikatokea kivuli, kichwa cha farasi, na kinakwenda moja kwa moja kama Bibi Anfisa alivyosema, kinaielekea ile theluji nzuri.

"Zuwena," nikapiga kelele, "huku. Njooni huku. Msipite hapo."

Farasi akaendelea. Halafu nikasikia sauti ya mwanamke, ya Kiswahili, katikati ya tufani la Urusi:

"Nani huyo?"

"Mti," nikajibu. Sijui kwa nini. Ndicho kilichonijia.

"Mti gani unaosema Kiswahili?"

"Zuwena, kwa jina la Mungu, mwambie avute upande wa sauti yangu. Barafu ni nyembamba."

Nikamsikia akimpigia Yegori kelele, na Yegori akajitupa nyuma na hatamu zote mikononi. Sleji ikayumba ubavu mmoja. Mguu wa nyuma wa farasi ukakanyaga pale pazuri, na pakalia, mlio mrefu kama shuka linapochanwa, maji meusi yakaruka juu ya theluji. Farasi akajivuta. Akajivuta tena, macho yametoka. Kwato ikapata barafu ngumu, na wote wakaja kunikumba mimi na msonobari wangu, tukaanguka lundo moja.

Mama mdogo, aliyekuwa amefungwa ndani ya manyoya kama mkate ndani ya kitambaa, akatoa uso akanitazama.

"Yegori," akasema, "mti wenu huu unatoka makamasi."

Tulirudi tukipita mtu hadi mtu. Kila tuliyempita alitufuata nyuma, kwa hiyo tulipofika ufukweni njia nzima ilikuwa imerudi nyumbani pamoja nasi. Yegori na wanaume wengine walingoja upepo upungue, wakaenda kusimika upya, na mimi ndiye niliyebeba, hakuna aliyenisaidia, na ilikuwa haki.

Mezani walinipa chai na samaki wa kuokwa ndani ya mkate. Nilipopata joto, ujinga nao ukayeyuka ukaanza kutiririka. Wangenisamehe kimya kimya, lakini mimi nani ninyamaze. Nikaona Zuwena ananitazama, nikaanza kujitetea.

"Kosa lipo," nikasema, "ila si lote langu. Mti wa mtu hupandwa shambani, huwa na uzio, huwa na alama. Ule ulikuwa katikati ya ziwa. Ziwa ni shamba la nani?"

"La nani?" akaniuliza, anapuliza chai.

"La hakuna mtu. Na msituni tunafundishwa kuwa mti wenye mizizi ni mali ya serikali, usiuguse. Huo wenu hata mzizi mmoja haukuwa nao. Nimeangalia mwenyewe, mimi ni mtu wa fani. Haukuota, haukui, hauzai. Sasa Zuwena, nieleze, mti usio na mizizi utakuwaje na mwenyewe?"

Yegori aliuliza tunabishana nini. Zuwena akamtafsiria kwa Kirusi, taratibu, neno kwa neno, mpaka meza nzima ikanigeukia. Ndipo akaweka kikombe chini.

"Wenye mizizi ndio unaoweza kukosa mwenyewe, Bwana Miti, kwa sababu huo hujiotea. Usiokuwa nayo, na bado umesimama, kuna mkono uliousimamisha. Mti usio na mizizi una mwenyewe. Kunywa chai."