Konokono Waliotupwa kwa Jirani

Wapendwa, wenye bustani nyuma ya nyumba humu ndani nawajua, kwa hiyo konokono hamna haja ya kuelezwa. Siwasemi wale wenye nyumba mgongoni, hao angalau wana heshima zao. Nawasema wale walio uchi, wa kuteleza, wengine mnawaita makoa. Mvua ikinyesha wiki moja tu huku kwetu milimani, unaamka asubuhi unakuta spinachi imebaki mishipa mitupu. Basi sikieni yaliyompata mama mmoja kwa ajili ya wadudu hao.

Mama huyu aliishi juu kabisa, kwenye baridi, ambako ukungu unaweza kukaa mpaka watoto wametoka mapumziko ya shule. Mumewe alifariki, wakamzika nyuma ya nyumba kando ya migomba. Mnajua misiba yetu ilivyo. Siku za kwanza nyumba ilijaa, pa kuweka mguu hakuna. Wengine wanapika, wengine wanalia, wengine wanauliza nyama imebaki? Halafu matanga yakaanuliwa. Sufuria za kuazima zikarudi kwa wenyewe, wanawe wakapanda gari kurudi mjini, na mama akabaki na bustani yake ya mboga na kimya ambacho hakuwahi kukisikia maishani mwake.

Mtu mmoja tu hakukoma kuja. Ni jirani yake, mwanamke wa rika lake, naye watoto wameshaondoka, mume yuko kazini mbali, anarudi akijisikia. Kati ya nyumba zao kulikuwa na ua wa miti, na kwenye ua upenyo wa kupita mtu. Kila jioni jirani alipenya pale na bakuli lake la maharage, akakaa jikoni anachambua, mama akautazama moto. Mara nyingi hawakusema neno. Kuna watu wa hivyo, ndugu zangu, faraja yao ni kukaa tu, na Mungu awazidishe.

Sasa jirani huyo alifuga bata. Na bata ni bata, hana msiba. Jioni moja wakamfuata mfugaji wao hadi upande wa pili, wakaingia bustanini na kukanyagakanyaga miche ya kabichi iliyokuwa imepandikizwa juzi yake tu. Mbegu za miche ile alizisia marehemu kwa mikono yake. Mama akatoka nje, akaona, na uchungu wote aliokuwa hajaulia kaburini ukamtoka pale pale.

"Kama umekuja kunifariji, kawafunge kwanza bata wako! Nimezika mume, sasa nizike na bustani?"

"Nisamehe, mwenzangu," jirani alisema. Akawaswaga bata wake wakarudi kwao. Kesho yake akakata matawi ya miiba, akauziba ule upenyo usipitike. Bata hawakupita tena. Na yeye hakupita tena.

Je, alikasirika? Au alidhani ndivyo alivyotakiwa kufanya? Mama hakuuliza. Alikaa akingoja jirani azunguke barabarani aje, na jirani kule akakaa akingoja kuitwa. Na hao ni waumini wote wawili! Jumapili wanapeana mkono wa amani, kisha kila mmoja anashika njia yake. Mbona mmetazama chini? Mimi nasimulia tu.

Ile miche iliyonusurika ikashika udongo, na mvua zikaanza. Wakaja konokono. Miaka yote mama hakuwahi kuwaona wengi kiasi kile, wala hakujiuliza kwa nini. Kabichi zikatobolewa kama chujio. Mboga zile ndizo zilizokuwa kitoweo chake, ndizo zilizokuwa chumvi na sabuni yake. Mwanawe akapiga simu, akamsikia mama sauti imenyong'onyea.

"Mama, bustani ikikushinda nakuja kukuchukua. Nyumba tutaipangisha."

"Na baba yako nimwache na nani?"

"Mama, baba ameshakufa."

Mtoto hakusema uongo. Lakini kuna kweli nyingine, wapendwa, ukiambiwa kwenye simu unabaki umeishika simu tu. Mama akajua kwamba konokono wale wakimshinda, ameondoka pale, na kaburi litaota majani. Akajifunga kibwebwe.

Dukani alishauriwa anunue sumu. Akakataa, mumewe hakuwahi kutia sumu kwenye ardhi ile. Chumvi nayo inaua konokono kweli, lakini inaua na udongo. Akajaribu majivu, maana tumbo la konokono halipendi kupita kwenye majivu makavu. Tatizo ni kwamba jiko la mtu mmoja halitoi majivu. Anapika ugali wa ngumi moja, moto unazimika, anazoa kiganja kimoja. Kikazunguka miche mitatu, mvua ikanyesha, kikawa tope. Zamani nyumba ile ilitoa majivu ndoo nzima. Siku ile, wapendwa, mama alilia kwa ajili ya majivu.

Akasikia kwamba ukifukia kikombe chenye pombe, konokono wanafuata harufu wanazama. Sasa yeye ni mama wa kwaya. Nani amwone akitoka kilabuni na kidumu, aamini kwamba ni cha konokono? Msicheke, nyinyi ndio mngekuwa wa kwanza kunipigia simu mimi.

Mwisho akapata lililofaa. Jioni akalowesha gunia kuukuu na kulitandaza kati ya matuta. Konokono wanapenda ubichi na giza, kukipambazuka wote wanajificha chini yake. Asubuhi unalifunua, unawaokota mmoja mmoja na kuwatia kwenye kopo. Njia nzuri, haina gharama, nawapa bure. Lakini ukishawaokota unawapeleka wapi? Mama angeweza kuwatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Alilitazama kopo lile limejaa, akautazama ua wenye miiba, akasema moyoni: si amefunga? Haya, na yeye aonje. Akawarusha juu ya ua, pwaa, upande wa jirani.

Kesho yake tena. Na kesho kutwa. Ikawa ndiyo desturi ya asubuhi. Anaamka, hana wa kumsalimia, anaokota konokono huku akisema nao, anawarusha kwa jirani, anarudi ndani. Mnasema ni ubaya, na ni kweli. Lakini mtazameni vizuri. Siku nzima hilo ndilo jambo pekee alilokuwa akimfanyia binadamu mwenzake.

Hata hivyo konokono hawakuisha. Wanaookotwa ni hawa, wanaoanguliwa ni wale. Mwana akapiga simu tena, akasema mwisho wa mwezi anakuja na gari la mizigo, na safari hii mama hakubisha. Asubuhi iliyofuata hakutoka. Hakuwa mgonjwa. Alilala akiyaangalia mabati, akasema, niamke nimfanyie nani? Kuna uchovu ambao hospitali haina dawa yake, na humu ndani wapo wanaoujua. Jua likapanda, gunia halijafunuliwa.

Mara mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Hodi! Hodi humo ndani! Mwenzangu!"

Akajikokota kufungua. Ni jirani. Mikono yake imechanwachanwa, damu inatiririka mpaka viwikoni, khanga imeachwa nusu kwenye miiba.

"Leo hukurusha," jirani alisema, anahema.

"Kurusha nini?"

"Konokono! Kila asubuhi nikisikia wanaanguka nasema, asante Mungu, mwenzangu ameamka salama. Leo kumekucha, bata wamejipanga pale uani wanangoja, hakuna kinachoanguka. Nikasema, huyu amekufa mle ndani peke yake. Barabara nikaiona mbali."

Mama alitafuta pa kuficha uso. Angeweza kunyamaza, aibu ile ikapita. Hakunyamaza.

"Nilikuwa nakurushia kwa ubaya."

"Najua," jirani akasema. "Mimi nilijua. Bata ndio hawakujua. Njoo uwaone walivyonenepa."

Mama akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, kilio kile ambacho hakukitoa siku ya maziko, na jirani akamshika na mikono yake yenye damu wakakaa chini pale mlangoni. Baadaye waling'oa matawi ya miiba pamoja. Kabichi zilikuwa zimeshakua, bata hawakuweza tena kuzikanyaga zikafa. Wakaruhusiwa kuingia kila asubuhi kula konokono, ndipo mama akaelewa kwa nini konokono walizidi tangu upenyo uzibwe, kisha wanaswagwa kwao kabla hawajaanza kudonoa majani. Mwezi ulipoisha mwana akafika na gari lake la mizigo. Akaondoka nalo limebeba kabichi, na mama amesimama uani anampungia mkono.

Sasa tuje kwetu sisi. Mnangoja niwaambie mpende jirani yako. Hilo mlifundishwa mkiwa hamjaota meno ya mbele, sirudii.

Mimi nawauliza jingine. Yule mama alidhani dunia nzima imemsahau, na kumbe kila asubuhi kulikuwa na mtu ametega sikio. Hakujua. Wewe uliyekuja hapa leo umejifungia moyoni mwako, unasema hakuna ajuaye kama nimelala au nimeamka, una hakika? Umemuuliza nani?

Lakini sitamdanganya mtu madhabahuni. Wapo kati yetu ambao kweli hakuna anayewasikilizia. Wakikosekana Jumapili mbili, tunasogea kwenye benchi tukae vizuri. Kosa hilo si la kwao, ni la kwetu, la kwangu pia mchungaji wao. Na wengi wao si watu watamu. Wana maneno, wanatutupia vitu kila tukikutana, na sisi tunaona ni haki yetu kuziba upenyo. Ndugu yangu, yule anayekutupia maneno kila siku, siku akinyamaza utafanyaje? Utasema afadhali, nimepumzika? Au utapita kwenye miiba?

Yupo mmoja hatujamwona hapa tangu mvua zianze. Jina lake silitaji, mnalijua, na mnasema ana mdomo. Chai iko tayari pale nje, nimeiona. Kabla hamjainywa, nani anakwenda kugonga mlango wake?