Wimbo wa Waliokwenda Shamba

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii haihitaji mwalimu wa kuifafanua. Mgema hushuka na tembo tamu, watu wakamwambia kuwa hakuna kama yeye kuanzia hapa hadi Pangi, na kesho yake anajaza nusu ya kibuyu maji ya kisimani, akijua kwamba watu watakunywa jina lake. La kuudhi ni kwamba watu hulinywa kweli! Hulinywa, hulamba midomo, kisha husifu tena. Hivyo ndivyo mji wa Kindu, Kongo, ulivyomfanyia mwimbaji Sudi, na hivyo ndivyo Sudi naye alivyoufanyia mji wa Kindu.

Sudi alikuwa mwanafunzi wa sekondari katika mtaa wa Mikelenge wakati vita vilipoufunga mji. Askari walikaa ndani, wapiganaji wengine wakakaa msituni pande zote, na raia wakabaki katikati. Treni haikufika tena, na chumvi ikawa adimu kama maziwa ya kuku. Njaa ilipozidi, watu walianza kutoroka alfajiri kwenda mashambani mwao kuchimba mihogo. Baadhi yao walirudi. Wengine hawakurudi, na hapakuwa na maiti ya kuosha wala kaburi la kuzuru.

Juu ya watu hao Sudi alitunga wimbo. Hakuwa na gitaa wala kipaza sauti. Rafiki yake alipiga dumu tupu la mafuta, naye akachana mistari ya rapu kwa Kiswahili cha nyumbani, na mwishoni akawataja waliopotea mmoja mmoja: jina lake, jina la mama yake, na alichokwenda kutafuta. Kina mama waliposikia habari hiyo walifika uani kwao kumwomba awatie na wapendwa wao. Marie-Louise, muuza mawese, alileta jina la Amani, mwanawe wa kwanza. Sudi akalitia. Tangu siku hiyo, popote wimbo ulipoimbwa, Marie-Louise alikuwepo. Hakuwa na mahali pengine pa kusikia jina la mwanawe likitajwa mbele za watu.

Vita vikaisha na wimbo ukaingia redioni. Françoise, binti wa mtaa uleule aliyekuwa na kikundi cha maigizo, akamwita Sudi aigize baba mlevi katika mchezo wa redio, na mji mzima ukavunjika mbavu. Sokoni walimwita kwa jina la yule mlevi. Tusimnyime haki yake: kipaji alikuwa nacho, tena cha kumwaga. Lakini sifa zilimiminika, kichwa kikavimba, na mtu aliyemwambia ukweli akaonekana ana wivu.

Ndipo yakaja mambo ya libanga. Hapa Kongo, mwanamuziki akimtaja tajiri katikati ya wimbo husemwa kuwa amemtupia libanga, na tajiri naye humtuza fedha. Si dhambi, nyimbo za baa zimejaa hayo na watu hucheza. Lakini Sudi, ambaye hakutosheka na nyimbo za baa, aliingiza libanga katika wimbo wa waliokwenda shamba! Alianza na mfanyabiashara mmoja tu, akasema ni kwa heshima. Kisha akaingia Gérard, mnunuzi wa madini kutoka Kalima, mwenye magari na kicheko kikubwa. Wimbo haurefuki kama kamba, kwa hiyo kila tajiri alipoingia, marehemu mmoja alitoka. Na watu walifanya nini? Walipiga makofi. Makofi, jamani!

Siku Amani alipoachwa nje, Marie-Louise alimfuata Sudi nyumbani akamwuliza mwanawe amekwenda wapi. Sudi alimjibu kwa upole wote kwamba wimbo ni mfupi, mama awe na subira, atamrudisha. Subira hiyo ilikula miaka. Mama alihudhuria kila onyesho, akaambulia patupu, na bado alikuja tena.

Mwaka juzi wakafika watengenezaji wa filamu kutoka Goma. Walitaka kuigiza habari za Kindu katika miaka ya vita, na walikuwa wakimtafuta mwigizaji mkuu. Françoise aliona bahati imebisha hodi. Akautengeneza ule wimbo kuwa mchezo wa jukwaani na kumpa Sudi nafasi ya kwanza. Aliyepewa alikuja mazoezini akiwa amechelewa, akaondoka mapema, na katikati alikuwa kwenye simu. Françoise alivumilia yote. Siku ya mwisho ya mazoezi alimwomba jambo moja tu.

“Yaya,” alimwita, yaani kaka, “majina uyataje vile yalikuwa zamani. Mama Marie-Louise atakuja. Gérard usimutie humu.”

“Ule wimbo nani aliuanzisha?” Sudi akajibu, akicheka. “Nimekwisha kumwahidi mama. Amani atatajwa. Wewe unaogopa nini?”

Onyesho lilifanyika Jumamosi alasiri katika ukumbi wa shule. Wakubwa walikalia viti vya plastiki mbele, kina mama wakakalia mabenchi nyuma. Sudi alianza vizuri mno, hata wale wageni wa Goma wakaacha kunong'onezana. Akafika kwenye majina. Alimtaja wa kwanza, akamtaja wa pili. Marie-Louise alikuwa amekwisha kusogea ukingoni mwa benchi.

Kumbe na Gérard yupo, tena ameguswa kweli. Aliinuka, akapanda jukwaani kama watu wafanyavyo kwenye dansi, akambandika Sudi noti kwenye paji la uso lililolowa jasho. Makofi yakalipuka. Basi, hapo akili ikaruka na kumwacha mwenyewe. “Gérard, baba ya Kalima!” Sudi akapaza sauti. “Gérard, barabara njo yako, ndiyo yako!” Akafuata mwenye duka la saruji, akafuata mwenye hoteli, orodha ikaisha, na Sudi akainama kupokea sifa zake. Amani hakutajwa. Gérard mwenyewe alichelewa kutambua kwamba ametajwa miongoni mwa wafu. Alipotambua, kicheko kilimkauka akarudi kitini.

Marie-Louise akasimama. Hakupiga kelele wala hakulia.

“Amani, mutoto ya Marie-Louise. Alienda kuchimba mihogo.”

Akakaa. Makofi yalikatika. Kwenye benchi jingine akasimama Halima, ambaye miguu yake ilikuwa na uvimbe, akashika bega la jirani yake. “Riziki, mutoto ya Halima. Alienda kuvuna sombe, majani ya mihogo.” Kisha akasimama mwingine, na mwingine, kila mmoja na wake, bila dumu wala mdundo. Watu waliinamisha vichwa. Jukwaani Sudi alisimama na noti yake usoni, asijue kama aibandue au aiache.

Wale wageni hawakumwuliza Françoise lolote kuhusu Sudi. Waliuliza kama kina mama wangekubali kusema maneno yale mbele ya kamera, na kina mama wakakubali. Filamu imetoka. Marie-Louise yumo, amevaa kitenge chake cha Idi alichopewa na jirani yake Mwislamu, anamtaja mwanawe, na Wakongo wasiomjua wamelisikia jina la Amani. Sudi hayumo hata kwa kivuli.

Alikwenda kwa Françoise akifoka kwamba ameibiwa. “Wimbo njo yangu,” akasema.

“Ilikuwa yako, yaya,” Françoise akamjibu kwa sauti ya mtu aliyechoka. “Umeiuza kipande kipande. Sasa unatafuta nini hapa?”

Siku hizi utamkuta Sudi kwenye ufunguzi wa maduka akitaja majina ya wenye maduka, nao wanunuzi wanaendelea kuulizia bei za ndoo. Gérard amepata mwimbaji mwingine na mji umeanza kumsifu huyo pia, hausikii wala haukomi! Yeye na wanaomshangilia na wayapime yaliyompata mwenzake, kwani mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.