Mfarishi wa Desha

Yuko mtu ambaye huonywa na anayempenda, akacheka, kisha akalia peke yake. Huyo ndiye aliyelengwa na methali isemayo sikio la kufa halisikii dawa.

Frano alikuwa tabibu mashuhuri wa Dubrovnik. Tauni ilipoingia mjini, alifukiza nyumba yake majani ya rozmari yenye harufu kali asubuhi na jioni, kwani vitabu vya kale vilivyomlea vilisema ugonjwa huo huletwa na hewa chafu. Hewa akaifungia mlango, mfarishi akaufungulia. Ulikuwa wa hariri, mwekundu kama komamanga, zawadi ya mjane ambaye mumewe alikufa kwa tauni akiwa amejifunika mfarishi huohuo. Frano akampa Desha, bintiye wa pekee, aliyekuwa akingoja harusi.

Mdogo wa Frano, Vlaho, tabibu aliyerudi juzi kutoka masomoni Padova, aliposikia mfarishi ulikotoka alishtuka kama aliyekanyaga nyoka.

"Kaka, uchome! Kitabu kipya kinasema mbegu za maradhi hujificha nguoni."

"Mbegu? Basi tuumwagilie maji, tuvune tauni!" Frano alicheka mpaka machozi. "Huko Padova ulisomea utabibu au kuogopa matandiko?"

"Baba mdogo, usinionee wivu," Desha akatania, akijifunika hadi kidevuni. "Ukioa nitakuazima."

"Cheka, mwanangu, lakini jifunike blanketi lako la zamani. Nakuomba."

"Mwache mtoto!" Frano akakaripia. "Nimetibu watu kabla hujaota ndevu. Kitabu hata wino haujakauka, ndicho kinifunze kazi?"

Vlaho akaondoka.

Haukupita muda Desha akaamka na uvimbe kwapani. Moshi wa rozmari ulitanda chumbani hata uso wake usionekane, lakini homa haikujali harufu. Alikata roho akiuliza kama gauni la harusi limekwisha shonwa.

Wakuu wa mji wakamtenga Frano kisiwani. Hata mazishi hakuyaona. Vlaho alipomletea chakula kwa mashua, Frano aliingia majini hadi magotini.

"Umekuja na kile kitabu?"

"Ninacho, kaka."

"Nisomee pale penye nguo."

"Ya nini sasa, kaka?"

"Soma!"

Vlaho akasoma kwa sauti kutoka mashuani. Frano alitega sikio, asikose hata neno, mpaka sauti ya mdogo wake ikakatika kwa kilio. Sikio lilikuwa la baba, kaburi likawa la mwana. Ama kweli, sikio la kufa halisikii dawa.