Kiti cha Ruti

Anayekichungulia kitanda kutoka mlangoni huona shuka nyeupe na mto laini, akadhani kila anayekilalia hulala usingizi wa pono. Hajui kinachomtembelea mwenzake mgongoni taa ikishazimwa. Ndiyo maana wazee wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mjini Tunduma, karibu na mpaka, kulikuwa na ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Mwenye ofisi, Sebastian, alikuwa mtu mwema, ila alikuwa amekaa chumba cha ndani miaka mingi mno. Mapokezini alikuwa Ruti, binti wa kijiji cha Isansa, ambaye mshahara wake ndio uliomtunza mama yake mjane. Ruti alipojifungua na kuanza likizo ya uzazi, mhasibu Judith aliuliza kama atangaze nafasi ya mtu wa kumshikia.

"Wa nini?" Sebastian akashangaa. "Kupokea simu na kusema karibu? Tukivuka wiki hii salama bila mtu, kiti hicho tukiondoe kabisa. Ruti tutamlipa haki yake, tumuage."

Judith alisikitika, kwa maana aliijua nyumba ile ya Isansa. Lakini alimjua pia bosi wake, akaamua kumchokoza. "Basi kikalie wewe, bosi. Ukifika jioni bado unacheka, nitakiondoa kwa mikono yangu mwenyewe."

"Sogea nipite!" Sebastian akacheka.

Asubuhi ile ile madereva walimiminika kama siafu. Sebastian alimwita mmoja, wakasimama wawili wakigombea zamu. Dereva mmoja Mzambia aliinama mbele ya meza, akapiga makofi ya heshima polepole. "Mulishani, mukwai," alisalimu kwa lugha ya kwao.

"Namba ya gari?" Sebastian akamjibu, macho kwenye kompyuta.

Yule mtu akarudi kukaa, uso umesawijika.

"Aa, mzee, hapa watu husalimiwa kwanza!" dereva kijana aitwaye Deus alimtania kutoka kwenye benchi. "Dada Ruti yuko wapi leo?"

"Amejifungua."

"Hongera yake! Mtoto gani?"

Sebastian hakujua. Benchi zima likaguna.

Jua lilipokuwa utosini, simu ya mezani ililia. Aliyepiga alikuwa kaka yake Deus, kutoka kijijini kwao Ndalambo. Mama yao alikuwa amefariki asubuhi ile. Walikuwa wamemtafuta Deus bila kumpata, maana alikwisha kuweka laini ya Zambia kwenye simu yake, tayari kwa safari. "Tafadhali, mzee, tufikishieni," sauti ilisema, kisha ikakatika kwa kilio.

Sebastian aliinua macho. Deus alikuwa pale pale, anacheka na wenzake, akingoja karatasi zake avuke. Karatasi zenyewe Sebastian alikuwa amezishika mkononi. Alifungua kinywa amwite, akakifunga. Angesemaje? Mbele ya watu wote wale? Na akimwambia, kijana akakimbilia usukani wa lori lile akiwa na uchungu, je? Akampigia Ruti.

"Shikamoo, bosi." Nyuma yake kichanga kilikuwa kinalia. Sebastian alimweleza kwa kunong'ona. Ruti akapumua kwa huzuni.

"Pole yake, jamani. Bosi, usimwambie hapo kwenye benchi. Amekula?"

"Nitajuaje, mwanangu?"

"Deus hali mpaka apate karatasi. Mpeleke chumbani kwako, umpe chai na chapati. Ufunguo wa lori umwombe kwa upole. Halafu mwite Yonathani, yule wa lori la bluu. Wanatoka kijiji kimoja, wanasali pamoja. Akae karibu yake, bega kwa bega. Ukimaliza mwambie mama yake amezidiwa, anahitajika nyumbani. Hayo mengine ataambiwa na ndugu zake, akiwa ameshikwa mikono."

Sebastian alifanya kama alivyoelekezwa. Alimmiminia Deus chai yeye mwenyewe, akangoja anywe. Alipomwambia, Deus aliweka kikombe chini.

"Amezidiwa tu, mzee?"

"Twende nyumbani, mwanangu. Nitakupeleka mimi."

Deus akainamisha kichwa. Yonathani akamkumbatia. Wakasafiri watatu kwenye gari la Sebastian, na alipowaona wajomba wakitoka uani kumpokea kijana yule na kumshika mikono, Sebastian alijifuta machozi bila kuona haya.

Kesho yake aliingia ofisini, akamkuta Judith mezani.

"Niondoe kiti, bosi?"

"Andika tangazo," Sebastian alisema taratibu. "Kompyuta tutamfundisha. Mimi namtaka mtu anayesalimu, anayejua nani hajala, na anayejua neno gani lisisemwe mbele ya watu. Akipatikana, aende kwanza Isansa, Ruti amsikilize. Yeye ndiye ataniambia kama anafaa."

"Na Ruti mwenyewe?"

"Andika ni kazi ya kushikia tu. Kiti kina mwenyewe, na akirudi mshahara wake utaongezwa." Akalitazama benchi, madereva wakianza kuingia. "Miaka yote hii nilidhani binti yule amekaa. Kumbe alikuwa amewabeba watu."

Judith akatabasamu, akachukua kalamu. Hakika, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.