Mama Yake Kambare Ana Ukubwa Gani?

Ilikuwa Jumatatu, tarehe nane ya Mfungo Tano, saa nane na dakika ishirini mchana. Babu yenu Mbwarahaji alikuwa amesimama hapa ukumbini, mbele ya tangi lake la kioo, anawatupia samaki chakula. Akaniambia, "Nishike." Nikamshika. Tangu saa ile, wajukuu zangu, samaki hawa nawalisha mimi.

Mimi sina elimu ya samaki. Nina ngano moja tu, aliyonipa yeye. Na leo Mwanarusi ameniletea kambare kikombeni, mdogo kama kidole, anataka nimtie humu pamoja na hawa wadogo. Sijakataa, mjukuu wangu. Kikombe kiweke hapo, ukae. Sikilizeni nyote.

Nabisha hodi!

"Bisha, bibi!"

Nimekuja na ngano!

"Ingia nayo!"

Ina miguu?

"Haina, inaogelea!"

Haya. Zamani, zamani sana, samaki walipokuwa wakibisha hodi kama watu, palikuwa na birika la maji ya mvua uani kwa Bi Mwanakheri. Mle birikani aliishi Perege, aliyejiona ndiye mkubwa wa nyumba. Waliishi Dagaa saba, ndugu wa tumbo moja, wasioachana hata hatua moja. Na aliishi Konokono, mlamba kuta.

Konokono alikuwa na akili nyingi na maneno machache. Na hayo machache aliyasema polepole mno. Akianza kukuamkia Ijumaa hii, salamu huimaliza Ijumaa ijayo.

Kila asubuhi Dagaa walijihesabu. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita, na wa saba ni mimi! Kisha wakacheka, wakaenda kula viluwiluwi vya mbu.

Siku moja Bi Mwanakheri aliinama birikani, akakunja uso. "Nyie humu ndani! Juu mnakula vizuri, lakini chini pamejaa makombo. Nafasi iliyobaki ni ya mtu mmoja. Mtafuteni mwenzenu wa kukaa chini, ayaokote. Mkishindwa, maji haya nayamwaga mchangani, na nyinyi mkiwemo."

Dagaa wakajibana nyuma ya Perege, wote saba kwa mara moja.

"Msiogope," Perege akasema. "Mimi najua watu. Nikimtazama mgeni mara moja tu, nimeshamjua."

Konokono akafungua kinywa. "Mi…"

"Baadaye, mzee wangu," Perege akasema.

Akaja mgeni wa kwanza. Alikuwa Pono wa baharini, amevaa kijani, buluu na waridi, utadhani anakwenda harusini. Perege akamwona, akapendezwa, akamfungulia. Pono akaonja maji, akatema.

"Nani kapika haya? Hayana chumvi!"

"Ndivyo yalivyo, bwana. Ni ya mvua."

"Mtaniua!" Pono akapiga kelele, akaanza kuyumba. Bi Mwanakheri akamchota upesi kwa kata, akamkimbiza pwani.

Akaja mgeni wa pili. Alikuwa Furu wa ziwani, mdogo, mwenye macho makali. Chumvi hakuitaka. Perege akampima kwa jicho, akaona ni mdogo, akamfungulia.

Furu akazunguka birika. "Kona hii yangu. Ile nayo yangu."

"Na hapa katikati?" Dagaa wakauliza.

"Hapo pia pangu. Mnanizibia njia!" Akawauma mikia, mmoja baada ya mwingine. Akamuuma na Perege mwenyewe. Jioni haikufika, kata ikamtoa.

Akaja mgeni wa tatu. Alikuwa Kambare, mdogo kama kidole. Alikuwa na sharubu laini na macho ya chini.

"Asalaamu alaykum, wenyewe. Mimi yatima. Maji yoyote nakaa. Ugomvi siujui. Nakaa chini, naokota makombo, namshukuru Mungu."

Perege akatokwa na machozi. Samaki akilia majini haonekani, lakini alilia. "Huyu ndiye! Angalieni adabu, angalieni udogo! Karibu, mwanangu."

Konokono alikuwa ukutani, karibu na mlango. Ilikuwa Ijumaa. Akasema, "Mama yako…"

"Mama yangu hajambo, anakusalimu," Kambare akajibu haraka.

"Yatima, na mama anasalimu?" Dagaa mmoja akanong'ona.

"Nyamaza, usimwaibishe mgeni," Perege akasema. Kambare akaingia. Zikapita siku chache. Makombo yakaisha, chini pakang'aa, Bi Mwanakheri akafurahi. Kambare naye akawa na urefu wa shubiri.

Asubuhi moja Dagaa wakajihesabu. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, na wa sita ni mimi! Hawakucheka.

"Kambare, ndugu yetu hujamwona?"

"Amekwenda kuoga."

"Kuoga? Na hapa tuko wapi?"

"Ah, yule alipenda usafi," Kambare akasema, akajifuta sharubu.

Ijumaa ya pili ikafika. Konokono akasema, "…ana…"

"Ana heri, alhamdulillahi!" Kambare akajibu.

"Mzee, unamchosha mtoto," Perege akasema. Na mtoto sasa alikuwa sawa naye kwa urefu.

Asubuhi nyingine Dagaa wakajihesabu. Mmoja, wawili, watatu, wanne, na wa tano ni mimi.

"Kambare, na huyu wa pili?"

"Kamfuata yule wa kwanza. Si mnajua hawaachani?"

Perege akamtazama Kambare. Akamtazama tena. Mara hii alitazama mdomo, si sharubu. Ukubwa wake ulimtisha. Akataka kusema neno, lakini aliona haya, kwa sababu yeye ndiye aliyefungua mlango. Akanyamaza. Kunyamaza kwake nusura kumponze wa tatu.

Ijumaa ya tatu asubuhi, Dagaa wakajihesabu. Mmoja, wawili, watatu, na wa nne ni mimi. Wakamwendea Kambare. "Ndugu yetu yuko wapi?"

"Mm," Kambare akasema.

"Wapi?"

"Mm-mm."

Midomo ilikuwa imefungwa. Na katikati ya sharubu, wajukuu zangu, palichungulia kamkia, kanatikisika.

Dagaa wanne wakalia. Ndipo Konokono, pale ukutani, akamaliza swali lake.

"…ukubwa gani?"

Mama yako ana ukubwa gani! Kambare hakuwahi kuulizwa swali tamu kama hilo. Alimpenda mama yake, na zaidi alipenda kujisifu. Akajisahau.

"Mama yangu?" akasema. "Mama yangu anazidi ndoo! Akipita, mto unahama! Na mdomo wake, mzee wangu, ukiufungua, uko hiviii!"

Akaufungua. Dagaa wa tatu akatoka mbio, mkia umechanika kidogo, mzima. Akawakimbilia ndugu zake, wakajihesabu upya. Mmoja, wawili, watatu, wanne, na wa tano ni mimi!

Watano. Wale wawili wa mwanzo hawakurudi. Waliokwenda hawarudi, wanangu, hata ngano iwe tamu vipi.

Bi Mwanakheri alisikia kelele, akaja na kata. Kata haikutosha. Akaleta ndoo, mkia ukabaki nje.

"Muue!" Dagaa wakasema.

"Simuui," Bi Mwanakheri akajibu. "Kambare kala kama kambare. Kosa ni la aliyemtia hapa." Akambeba hadi mtoni, kwa wakubwa wenziwe, akamwachia.

Perege akainamisha kichwa. "Nisameheni, ndugu zangu. Nilitazama alivyo siku ile, sikuuliza atakavyokuwa." Dagaa wakasogea, wakampa nafasi katikati yao.

"Lakini makombo sasa ataokota nani?" Perege akauliza. "Maji yatamwagwa!"

Konokono akateremka ukuta taratibu. "Mi… mi," akasema. "Siku ile nilitaka kusema, mimi. Hamkunisubiri."

Na alianza kuyaokota. Mpaka leo angali anaokota.

Mafunzo yake ni haya. Ukitaka kukusanya wa kukaa pamoja, usichague kwa rangi, wala kwa udogo, wala kwa maneno laini. Uliza maji aliyoyazoea. Uliza anavyoishi na jirani. Uliza akikua atakuwa nani na atakula nini. Na anayeuliza polepole, msubirini amalize.

Ndiyo, Mwanarusi? Mama yake huyu wako? Namjua. Tulimla kwenye harusi ya shangazi yako, akajaza sinia mbili.

Haya, kichukue kikombe chako, umrudishe mtoni. Nenda taratibu, usimwage.

Ngano yangu iliingia kwa hodi, inatoka kwa kwaheri. Aliyesikia aende nayo, aliyesinzia amuulize jirani. Sasa inueni mikono.

Ewe Mola, mrehemu mja wako Mbwarahaji. Msamehe aliyoyajua na asiyoyajua. Lipanue kaburi lake, ulitie nuru. Hapa duniani aliwachagulia viumbe wako wadogo majirani wema. Na wewe, ya Rabbi, huko aliko, mchagulie majirani wema. Amin.